Gari Likiinuka Nyuma, Mzigo Haujapungua

Wiki hii zamu ya kuandika ni yetu, sisi wa kundi la maji hapa Nakivale. Wengi mmetuuliza kwa nini gari lilikaa wiki tatu juu ya mawe bila magurudumu, na kwa nini limerudi na springi mpya na matairi mapya lakini tela linabeba nusu ya maji mliyotazamia. Wengine wamesema wazi kwamba mchango umeliwa. Basi tumeona tuandike yote, tena kwa hesabu, juu mchango ulikuwa wa watu na jibu pia ni la watu.

Kwanza gari lenyewe. Ni Land Cruiser ya zamani, ile ya umbo la sanduku iliyotengenezwa miaka ya 1980, wenye kujua magari wanaiita 60. Injini ni ya dizeli, silinda 6. Si mali yetu. Ni ya mzee mmoja mkimbizi mwenzetu ambaye anatuachia asubuhi tatu kwa wiki, sisi tunaweka mafuta na kulitunza. Kazi yake mnaijua: kupeleka maji kwa kaya 25 za watu ambao bomba liko mbali nao na miguu haiwafikishi. Ni wazee, wagonjwa, walemavu, na mama wawili wanaolea watoto wasioweza kuachwa peke yao.

Zamani tulikuwa tunapakia majerikeni ndani ya gari, 15 kwa safari. Haikutosha, ndiyo maana tukaomba mchango wa kutengeneza tela. Vijana wetu waliosomea weldingi walilichomelea kwa ekseli ya pikapu iliyokufa. Tukapata pia tangi la plastiki la lita 1000, lile lenye fremu ya chuma. Kila mtu akapiga hesabu haraka: lita 1000 ni majerikeni 50, kaya 25 zinapata mawili mawili, safari moja tu, kazi imeisha. Mwenyekiti wa kijiji akafurahi, akatangaza kwenye mkutano. Kilichobaki ilikuwa kuliandaa gari livute.

Tukamwita Mzee Fundi. Huyu mzee alitengeneza na kuendesha malori miaka mingi kati ya Bukavu na Uvira, barabara ya milima ya Ngomo, na aliyewahi kupita Ngomo anajua pale lori likishindwa halina pa kwenda ila chini. Alizunguka gari mara mbili bila kusema neno. Kisha akaomba futi.

Alipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi juu yake, magurudumu yote manne, gari likiwa tupu kwenye ardhi sawa. Nyuma kushoto palikuwa chini kuliko kulia kwa sentimita 4. Akatuambia tuandike namba. Kisha tukapandisha vijana wawili wasimame kwenye ndoano ya nyuma, akapima tena. Nyuma ilishuka sentimita 9 na mbele ikapanda. Akasema, “Watoto yangu, hili gari limechoka mgongo. Lakini msinunue kitu bado.”

Tunaomba na ninyi mlishike hili la futi. Halina gharama. Mkipima kabla na baada, hakuna fundi atakayewadanganya kwamba amefanya kazi.

Sasa springi. Gari hili halina springi za kuzunguka kama konokono. Lina springi za majani, yaani vyuma virefu bapa vilivyopinda kidogo, vimepangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwenye ekseli kwa boliti za umbo la U. Tulipofungua upande wa kushoto tukakuta chuma cha pili kimevunjika, na bushi za mpira zimeisha mpaka chuma kinasugua chuma. Upande wa kulia kulikuwa na maajabu mengine: mtu zamani aliongeza chuma kimoja kinene cha springi ya lori.

Kaka mmoja katika kundi alipoona hivyo akasema, “Si tuongeze vingine viwili kama hicho kila upande? Gari litanyanyuka, litabeba hata tani mbili.” Wengi wetu tulikubaliana naye. Chuma cha lori kinapatikana kwa bei ya chakavu, na kwenye macho ya watu gari lililoinuka nyuma ni gari lenye nguvu.

Mzee Fundi alikataa, na sababu zake ndizo kiini cha andiko hili.

Alisema springi ina kazi mbili. Inashikilia mzigo, na inalifanya gurudumu lifuate barabara, lishuke kwenye shimo na lipande kwenye tuta bila kuachana na ardhi. Ukiweka vyuma vinene kupita kiasi, kazi ya kwanza inafanyika na ya pili inakufa. Gari likiwa tupu linarukaruka kwenye barabara ya murram yenye makunyanzi, na gurudumu lililo hewani halishiki breki. Mshtuko ambao springi ingeumeza unaenda moja kwa moja kwenye chasisi, pale springi inaposhikiliwa, na hapo ndipo ufa unapoanzia.

Halafu akasema neno ambalo tumelipa andiko hili kuwa kichwa: gari likiinuka nyuma, mzigo haujapungua. Springi mpya inabadilisha jinsi gari linavyosimama. Haibadilishi uzito ambao ekseli, rimu, matairi, chasisi na breki vilitengenezwa kubeba. Namba ya kiwanda ni ile ile hata ukiweka springi za treni. Tena gari lililolemewa na kulala nyuma linakuonya, kila mtu analiona. Lililowekwa vyuma vya lori linasimama vizuri huku limelemewa vile vile, na hakuna anayeona mpaka siku ya tukio.

Kwa hiyo tulinunua springi za nyuma za gari hili hili, seti mbili kamili za mzigo wa wastani, Kampala, soko la Kisekka. Kuna aliyetushauri zile za zamani zipelekwe kwa mhunzi azipashe moto na kuzipinda upya. Bei yake ni ndogo kweli. Lakini chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ukikichoma tu kwenye makaa na kukigonga, umbo linarudi, ugumu hauji nalo, na baada ya muda mfupi kinalala tena au kinakatika. Tukaweka pia bushi mpya na boliti za U mpya, na baada ya siku chache za kazi tukazikaza tena, maana springi mpya zikishakaa sawa boliti zinalegea.

Shokapu je? Sisi tuliotoka Congo tumezoea kuita amotisere. Watu wengi wanadhani shokapu inabeba mzigo. Haibebi. Ni bomba lenye mafuta ndani, kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya kugongwa. Bila shokapu nzima, gari likipita tuta moja linainama na kuinuka mara tatu nne, na tela nyuma linalisukuma kila linapoinama. Zetu za nyuma zilikuwa zimelowa mafuta kwa nje, dalili kwamba zimeisha. Tulibadilisha nne zote. Mbele pia? Ndiyo, kwa sababu tela likikandamiza nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, na wepesi huo ukichanganyika na shokapu mbovu usukani unakuwa kama wa mashua.

Matairi ndiyo yaliyokula pesa nyingi, karibu nusu ya mchango wote, kwa hiyo hapa tunaeleza polepole.

Matairi ya zamani yalikuwa na meno bado, na wengi waliuliza kwa nini tumeyatupa. Nendeni mkaangalie ubavu wa tairi lolote. Mtakuta herufi DOT na mwishoni mwake namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Letu moja lilisomeka 2209, yaani lilitoka kiwandani wiki ya 22 ya mwaka 2009. Mpira unazeeka kwa jua na hewa hata kama hautembei. Lilikuwa na nyufa ndogondogo ubavuni, za kuingiza ukucha. Tairi kama hilo linaweza kuvumilia gari tupu, lakini likikandamizwa na tela siku ya jua linapasuka.

Kitu cha pili ni namba ya mzigo. Pembeni ya saizi ya tairi kuna namba inayosimama badala ya kilo. Namba 91 ni kilo 615 kwa tairi moja. Namba 100 ni kilo 800. Namba 116 ni kilo 1250. Matairi mawili yanaweza kuwa na unene na meno ya kufanana, moja likabeba mara mbili ya lingine. Kwa hiyo ukienda sokoni usichague kwa macho, soma. Sisi tulichukua saizi 7.50R16 yenye namba 116, matairi manne ya gari. Mawili ya tela tulipata yaliyotumika, lakini ya miaka ya karibuni na yasiyo na nyufa.

La tatu ni upepo. Zile kilo za kwenye tairi ni za tairi lililojaa upepo wake kamili. Tairi lenye upepo mdogo linakunjika ubavu kila mzunguko, kukunjika kunaleta joto, na joto ndilo linalopasua tairi, si msumari peke yake. Tunapima asubuhi kabla gari halijatembea, nyuma tunaweka upepo zaidi ya mbele. Na tukiona mchana umeongezeka kwa joto, hatupunguzi. Ukipunguza likiwa la moto, likipoa linabaki pungufu.

Mpaka hapo gari lilikuwa tayari. Tulipima tena kwa futi: kushoto na kulia sawa, na vijana wale wale wawili wakisimama nyuma lilishuka sentimita 3 tu. Tukapiga picha. Mwenyekiti akauliza, “Kwa hiyo kesho lita elfu?”

Mzee Fundi akasema, “Bado hatujapima tela.”

Tuliliburuta mpaka kwa mwenye mashine ya kusaga, ambaye ana mizani ya kupimia magunia. Gurudumu moja juu ya mizani, kisha la pili, kisha mkono wa mbele, tukajumlisha. Tela tupu lilikuwa kilo 220. Tangi tupu ni kama 60. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo maji ni 1000. Jumla kilo 1280, zinavutwa na gari la tani mbili hivi, na tela halina breki hata moja.

Hapo ndipo wengi tulinyamaza. Kwenye njia yetu kuna mteremko mrefu kabla ya nyumba za kwanza, chini yake watoto wanavuka kwenda shule. Gari likifunga breki pale, tela halifungi. Linaendelea kusukuma na uzito wake wote. Mbele kuna breki za diski, nyuma za ngoma, zote zina umri wa gari. Springi mpya haziwezi kufanya lolote hapo, na matairi mapya hayawezi kuzidi uwezo wa breki.

Nchi nyingi za Ulaya, na Australia pia, zimeweka kikomo kwa tela lisilo na breki zake: kilo 750 pamoja na mzigo. Hatuko Ulaya, lakini mteremko hauulizi uraia. Tukachukua namba hiyo kama mpaka wetu. Toa kilo 220 za tela, zinabaki 530.

Swali likaja: si tujaze tangi nusu? Hapana. Maji kwenye tangi nusu yanatembea. Ukifunga breki yanakimbilia mbele, ukikata kona yanakimbilia pembeni, na tela linapigwa teke kutoka ndani. Dada mmoja katika kundi ndiye aliyetoa jibu, na ni jibu ambalo lilikuwa mikononi mwetu siku zote: majerikeni. Majerikeni 25 ya lita 20 ni lita 500. Matupu ni kama kilo 25 yote pamoja. Jumla na tela, kilo 745. Jerikeni lililojaa na kufungwa vizuri maji yake hayana pa kukimbilia. Na unaweza kulihamisha mbele au nyuma mpaka uzito ukae panapotakiwa.

Hilo la kuhamisha si jambo dogo. Tela likiwa zito nyuma ya ekseli yake, mkono wa mbele unataka kuinuka, na barabarani linaanza kuyumba kama mkia wa samaki. Kanuni ya mafundi ni kwamba karibu moja ya kumi ya uzito wa tela ikae kwenye ndoano. Kwetu ni kama kilo 75. Tuliweka mkono wa tela juu ya mizani tukasogeza majerikeni moja moja mpaka ikasoma hapo, kisha tukapaka rangi sakafuni kuonyesha kila safu inapokaa. Sasa hata mgeni anaweza kupakia.

Na kilo 75 kwenye ndoano hazikai kilo 75. Ndoano iko sentimita 120 nyuma ya ekseli, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni sentimita 273. Ni kama mbao ya watoto ya kubembea: ukikandamiza mwisho, upande wa pili unainuka. Hesabu inatoa kilo 33 zimetoka mbele na kilo 108 zimeingia nyuma. Ndiyo maana tumeacha kupakia majerikeni mengine ndani ya gari nyuma kabisa, ingawa nafasi ipo na mmetuuliza mara nyingi. Nafasi ipo, lakini hesabu imejaa.

Sasa tuseme upande unaouma. Lita 500 ni jerikeni moja kwa kaya, si mawili. Ili kila kaya ipate mawili lazima safari mbili, na safari mbili ni mafuta mara mbili na asubuhi nzima. Mama mmoja kati ya wale wanaolea watoto wagonjwa alituambia, “Wanangu, mimi breki siijui, mimi najua jerikeni la pili linafika saa sita.” Hatukuwa na jibu la kumfurahisha. Tulimweleza mteremko na watoto wa shule, akatikisa kichwa, akasema basi afadhali tubadilishe zamu, asiwe wa mwisho kila siku. Alikuwa na haki. Sasa safari ya kwanza inaanza upande huu leo, upande ule kesho kutwa.

Mwenyekiti naye hakupenda, maana alikuwa ameshatangaza lita elfu mbele ya watu. Tulimkaribisha apande gari na tela lenye majerikeni 25, tushuke naye ule mteremko kwa gia ya pili. Aliposhuka chini alisema tu, “Endeleeni hivyo hivyo.” Tangi la lita 1000 halikupotea, limewekwa kwenye uwanja wa shule ya awali kukinga maji ya mvua.

Kanuni zetu za njiani ni chache. Hakuna mtu kupanda tela, hata mtoto, hata kwa hatua mbili. Kwenye mteremko, gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Tela likianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani sawa, usikanyage breki kwa nguvu wala usikimbize gari ukidhani litanyooka. Mnyororo wa usalama unafungwa hata kama safari ni ya mita mia. Na taa za mbele tumezirekebisha, juu gari likikandamizwa nyuma zinamulika miti na kuwapofusha wenye bodaboda.

Daftari la mchango liko kwa mweka hazina, lina risiti za springi, shokapu, matairi, bushi na boliti, pamoja na karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Mtu yeyote aje asome, aje hata na futi yake. Kilichobaki tumekitenga kwa ajili ya breki za tela, zile zinazojifunga zenyewe tela linaposukuma gari. Fundi wetu wa weldingi amekubali kufanya kazi bila malipo, tunatafuta ekseli yenye ngoma za breki zilizo nzima. Tukizipata, tutapima upya kila kitu kabla ya kuongeza jerikeni hata moja.

Wenye ekseli hiyo, au wanaojua ilipo kati ya hapa na Mbarara, watuandikie hapa chini. Na vikundi vingine vyenye gari la zamani na tela, tuambieni ninyi mnavuta kilo ngapi, na mmezipimaje.